Je, Wajua? Nguvu ya Bia Kali Iko Nje ya Chupa

Mwisho wa mwezi pale Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga, au usiku ambao duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, limetema kule Nyarugusu mkoani Geita, meza za grosari hujaa vijana. Mhudumu huuliza mambo mawili: "Ipi? Ya moto au ya baridi?" Swali la pili linajibiwa na koo. La kwanza limeshajibiwa siku nyingi, na walioliandalia jibu wametumia mabilioni. Kijana anayejua jibu hilo limetengenezwaje ana nafasi nzuri zaidi ya kuamua mwenyewe. Twende.

JINA LINALOKUITA

1. Balimi Extra Lager, bia ya Kampuni ya Bia Tanzania (TBL) iliyojenga ngome yake Kanda ya Ziwa, ina jina lenye maana ya "wakulima" kwa Kisukuma. Kwa mtu wa Shinyanga, tangazo la kwanza la bia hiyo ni jina lake. Anapoliona tayari anasikia kwamba limemlenga yeye, baba yake na majirani zake.

2. Safari Lager, kaka mkubwa wa bia kali za TBL, ipo tangu 1977. Ni jina ambalo Mtanzania yeyote analielewa bila kuelezwa, na mgeni naye analijua kabla hajatua uwanja wa ndege.

3. Bia za Afrika Mashariki hupenda majina ya fahari za nchi: Kilimanjaro, Serengeti na Kibo kwa Tanzania, Nile Special kwa Uganda, inayotengenezwa Njeru, jirani na Jinja, pale Mto Nile unapoanza safari. Mlima na mto havilipwi ada ya matangazo.

4. Wanyama nao wameajiriwa. Ndovu na Tusker wamebeba tembo, Eagle ni tai, na Pilsner ya Kenya ilijinadi kwa maneno "Imara kama simba". Bia ikitaka kuonekana ina nguvu, humwazima mnyama mwenye nguvu.

5. Tembo wa Tusker ana historia ya huzuni. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kenya Breweries mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la mnyama huyo.

6. Tusker hiyo hiyo iliwahi kujitangaza kwa maneno manne ya Kiswahili: "Bia yangu, nchi yangu." Ndani yake hakuna ladha, hakuna bei, hakuna kimea. Kuna mtu na kwao, basi.

7. Alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza ilikuwa ya bia: pembetatu nyekundu ya kampuni ya Bass, mwaka 1876. Wauza bia waligundua mapema kwamba jicho huagiza kabla ya mdomo.

KALI NI KALI KIASI GANI?

8. Balimi na Safari zina kilevi asilimia 5.5. Kilimanjaro ina 4.5. Serengeti Lite na Castle Lite zina 4. Tofauti ya 5.5 na 4.5 inaonekana ndogo hadi uifanyie hesabu.

9. Hesabu yenyewe hii hapa. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5.5 ina mililita 27.5 za kilevi halisi. Ya asilimia 4.5 ina mililita 22.5. Chupa nne za ile kali zinakupa mililita 110. Chupa tano za ile nyepesi zinakupa 112.5. Aliyekunywa nne kali yuko karibu sawasawa na aliyekunywa tano nyepesi.

10. Hapo ndipo penye mvuto wa bia kali kwa kijana mwenye fedha ya mawazo: anahisi shilingi yake imefanya kazi zaidi. Kampuni hazina haja ya kulisema hilo kwenye bango. Wanywaji wenyewe wanaambizana.

11. Ukali wa bia unaanzia kwenye sukari. Kimea huloweshwa kwenye maji moto, sukari yake ikatoka, kisha hamira ikaila na kuigeuza kuwa kilevi na gesi. Sukari ya kuliwa na hamira ikiwa nyingi, kilevi nacho huwa kingi.

12. Bia ya moto na bia ya baridi ya chapa moja zina kilevi kilekile. Ubaridi hupunguza ladha ya uchungu mdomoni, ndiyo maana ya baridi hushuka haraka. Kasi hiyo ndiyo inayomkamata mnywaji.

13. Uganda, Nile Special ina asilimia 5.6. Ufilipino, bia kali ya Red Horse, iliyoingia sokoni 1982, ina 6.9, na tangu 1999 imekuwa ikiendesha mashindano ya bendi za roki yaitwayo Muziklaban. Kote mbinu ni moja: bia kali hutafuta vijana mahali wanaposhindana na kushangiliwa.

NGOMA, MITUMBWI NA MEZA YA POOL

14. Wasukuma walikuwa na mashindano yao ya ngoma kabla hakijajengwa kiwanda chochote cha bia Kanda ya Ziwa. Vyama viwili, Bagika na Bagalu, hukutana baada ya mavuno, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Hapo kuna manju, kuna dawa, kuna nyoka, kuna kila mbinu ya kuyateka macho ya umati. Wataalamu wa masoko wa leo wangeweza kwenda kusomea pale.

15. Uwanja mashuhuri wa mashindano hayo ni Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, kwenye sherehe ya Bulabo ya kila mwezi Juni. Makumbusho ya Wasukuma ya hapo yalianzishwa na padri David Clement katika miaka ya 1950.

16. Balimi ilipotaka kuingia mioyoni mwa Kanda ya Ziwa, haikuleta mchezo mgeni. Ilidhamini mashindano ya ngoma za asili, ikaweka zawadi, ikasimika bango uwanjani. Watu walikuja kwa ajili ya ngoma yao. Wakaondoka na jina la bia kichwani.

17. Ikafanya hivyo hivyo majini. Mashindano ya mitumbwi ya Balimi yaliwakutanisha wapiga kasia wa Mwanza, Bukoba, Musoma na Ukerewe, wanaume kwa wanawake. Mvuvi anayepiga kasia kila siku kwa ajili ya sangara na dagaa, siku hiyo anapiga kasia kwa ajili ya jina la kwao. Mdhamini anasimama palepale utepe unapokatwa.

18. Safari Lager ilichagua meza ya pool. Ilidhamini mashindano ya taifa ya mchezo huo, na mengine ya vyuo vya elimu ya juu. Pool inachezwa ndani ya baa, usiku, na anayesubiri zamu yake amekaa. Mtu aliyekaa baa huagiza.

19. Safari ilikwenda pia jikoni, kwa mashindano ya nyama choma baina ya baa. Nyama yenye chumvi na pilipili huomba kinywaji. Mpishi akishinda, chapa nayo imeshinda.

MPIRA NA BONGO FLEVA

20. Kilimanjaro Premium Lager iliwahi kudhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Mashabiki wanaotaniana kutwa nzima walivaa jezi zenye jina la bia moja. Timu yoyote ikifunga, chapa haikupoteza.

21. Mwaka 2013 bia hiyo ilianzisha kampeni ya "Nani Mtani Jembe", ikawaita mashabiki wa pande mbili washindane kwa kununua bia na kutuma ujumbe wa simu. Kilele kilikuwa mechi ya Desemba: Simba 3, Yanga 1. Mwaka uliofuata Simba ikashinda tena, 2 kwa 0. Utani wa jadi uligeuzwa kuwa hesabu ya mauzo, na kila chupa ikawa kama kura.

22. Tuzo za muziki Tanzania zilijulikana kwa miaka mingi kama Kili Music Awards. Mwaka 2014 Diamond Platnumz aliondoka na tuzo 7 usiku mmoja. Kila gazeti lililoandika habari hiyo liliandika pia jina la bia.

23. Serengeti Premium Lager iliingia kwenye tamasha la Fiesta, lililozunguka mikoani na wasanii wa Bongo Fleva. Rwanda, Primus ilijenga shindano la Primus Guma Guma Super Star lililoanza 2011. Muziki humfikia kijana asiyesoma gazeti wala kutazama taarifa ya habari.

24. Guinness ilifanya kubwa zaidi. Kuanzia 1999 ilimbuni Michael Power, shujaa wa matangazo ya televisheni na redio barani Afrika, na mwaka 2003 ikamtolea filamu nzima, *Critical Assignment*. Watu walilipa kiingilio kutazama kile ambacho, kwa hakika, kilikuwa tangazo.

NJIA YA KUFIKA MEZANI

25. Sehemu kubwa ya bia, zaidi ya asilimia 90, ni maji. Ni mzigo mzito usiopenda safari ndefu. Ndiyo maana kuwa na kiwanda karibu na mnywaji ni nusu ya ushindi. TBL na Serengeti Breweries (SBL) zote zina kiwanda Mwanza, kilometa 160 hivi kutoka Shinyanga.

26. Ibadakuli ina kiwanja cha ndege cha Shinyanga, na ina kituo kikubwa cha kupoza umeme. Njia ya msongo wa kilovoti 400 yenye urefu wa kilometa 670, kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, inaishia Shinyanga. Umeme wa uhakika maana yake friji la uhakika, na friji ni askari wa mstari wa mbele katika vita vya bia.

27. Ibadakuli ina pia kiwanda cha Jambo Food Products, kinachotengeneza juisi na maji. Kijana wa hapa anaweza kutoka zamu ya kiwanda cha vinywaji visivyo na kilevi, akaenda kukaa chini ya mwamvuli wenye jina la bia.

28. Hebu tazama grosari moja kwa makini kabla hujakaa. Kiti cha plastiki kina rangi ya chapa. Kitambaa cha meza kina nembo. Mhudumu kavaa fulana yenye nembo. Friji lina kioo mbele na nembo juu, na taa yake ndiyo inayong'aa kuliko zote. Kifungulio kilichofungwa kwa kamba pale kaunta kina nembo. Umeiona chapa hiyo mara tano na chupa bado haijafika.

29. Vitu hivyo huwekwa kwa mapatano. SBL iliwahi kuishitaki TBL kwenye Tume ya Ushindani (FCC) kuhusu mikataba na baa na kuondolewa kwa mabango ya mpinzani, na shauri likafika hadi Baraza la Ushindani. Kampuni kubwa hazingefikishana huko kwa ajili ya rangi za ukutani kama rangi hizo zisingeuza.

30. Chukua kizibo cha bia, hesabu meno yake: 21. Kizibo cha namna hii kilisajiliwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, mwaka 1892. Upande wa ndani, mahali asipoweza kuona mnunuzi hadi amefungua, pamekuwa uwanja wa promosheni: namba ya kutuma kwa simu, zawadi ya chupa nyingine, ahadi ya pikipiki. Zawadi ya chini ya kizibo humfanya mtu anunue ya pili akitafuta bahati aliyoikosa kwenye ya kwanza.

BEI, NAFAKA NA KODI

31. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Uganda ilizindua Eagle Lager kwa mtama wa aina ya Epuripur unaolimwa na wakulima wa hapo hapo. Serikali ikapunguza ushuru, bei ikashuka, na mnywaji wa kipato cha chini akapata bia ya chupa. Jina Eagle likavuka mpaka hadi Tanzania.

32. Kenya imekuwa na Senator Keg tangu 2004, bia ya bei nafuu iliyopewa nafuu ya ushuru ili iwavute watu waachane na pombe haramu zilizokuwa zikiua. Mwaka 2013 nafuu ilipopunguzwa, mauzo yaliporomoka, na 2015 serikali ikairudisha. Chapa inaweza kupendwa sana, lakini bei ikipanda mnywaji maskini hurudi kwenye gongo.

33. Sheria ya ushuru ya Tanzania nayo huitoza kidogo bia ya nafaka za nchini zisizooteshwa kimea. Mkulima wa mtama wa maeneo makavu kama Shinyanga ana sehemu yake katika hadithi hii, na ana haki ya kuuliza bei ya gunia lake.

KAMPUNI NYUMA YA LEBO

34. Bia ya kiwandani ilianza Tanganyika mwaka 1933, Dar es Salaam. Serikali ikaja kulimiliki shirika, kisha mwaka 1993 ikaingia ubia na South African Breweries. Mwaka 1998 hisa za TBL zikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tangu 2016 mmiliki mkuu ni AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani.

35. Kampuni ya bia ya EABL (East African Breweries) ya Nairobi ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries mwaka 2010. Kabla ya hapo, mwaka 2002, vita vya bia baina ya Kenya na Afrika Kusini vilimalizwa kwa makubaliano: kiwanda cha Castle cha Thika kikafungwa, na cha Kibo cha Moshi kikafungwa. Mnywaji hakuulizwa.

36. Jina likiwa la Kisukuma, au mlima wa kwetu, haimaanishi mwenye mali ni wa kwetu. Uzawa wa lebo na uzawa wa hisa ni vitu viwili tofauti, na kijana anayejivunia bia ya nyumbani anastahili kulijua hilo.

DHAHABU, SPIRITI NA USHINDANI WA CHINI

37. Mgodi wa Geita (GGM) ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Kando ya migodi hiyo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo ambao hawana mshahara wa mwezi, wana mgao. Duara likitema, fedha huja kwa mkupuo na wauzaji wote wanajua. Magari ya bia hufuata rashi ya dhahabu kama yanavyofuata gulio.

38. Mshindani mkubwa wa bia kali kwa vijana hawa ni spiriti. Kiroba cha mililita 100 chenye asilimia 35 kilikuwa na mililita 35 za kilevi halisi, kuzidi chupa nzima ya bia kali, na kiliingia mfukoni mwa shati la shule. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Ulikuwa uamuzi sahihi.

39. Shinyanga yenyewe ina kiwanda cha vinywaji vikali, East African Spirits, kinachotengeneza Hanson's Choice na Diamond Rock. Jina la pili linagusa fahari ya mkoa: almasi ya Mwadui, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940. Mbinu ni ileile ya Balimi. Tafuta wanachojivunia, kiandike kwenye chupa.

SHERIA NA MIPAKA

40. Tanzania hairuhusu kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18. Lakini nembo haina umri: mtoto wa miaka 10 anayetazama ngoma, mitumbwi au mechi anaisoma kama mkubwa. Hapa ndipo mwandishi wa safu hii anaposimama wazi: udhamini wa bia usiwekwe mahali ambapo nusu ya watazamaji ni watoto.

41. Ufaransa ilikwenda mbali. Sheria ya Évin ya 1991 ilizuia matangazo ya pombe kwenye televisheni na udhamini wa pombe michezoni. Michezo haikufa. Timu ya taifa ya nchi hiyo imetwaa Kombe la Dunia mara mbili tangu wakati huo, 1998 na 2018.

KABLA HUJAAGIZA

42. Mwili wa mtu mzima huondoa, kwa wastani, kama mililita 10 za kilevi halisi kwa saa. Chupa moja kubwa ya bia kali inahitaji karibu saa tatu. Chupa nne zinahitaji kama saa 11. Aliyeanza saa mbili usiku bado ana kilevi mwilini saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kushuka duarani au kuwasha bodaboda. Kahawa, supu na maji baridi ya kuoga havipunguzi saa hata moja.

43. Kikomo cha kisheria kwa dereva Tanzania ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Migodi mikubwa haisubiri kufika huko: hupima pumzi getini, na aliyekutwa na kilevi haingii.

44. Wadhamini hupita. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na jezi zao zimebeba majina mengi: bia ilipoondoka, mwaka 2017 kampuni moja ya kubeti ilizichukua zote mbili. Bagika na Bagalu wameshindana tangu enzi ambazo hapakuwa na lebo ya kubandika. Kampuni ya bia hununua nafasi pembeni ya vitu hivi kwa sababu haiwezi kuvitengeneza. Kijana wa Ibadakuli au Geita anaweza kuicheza ngoma, kuishangilia timu na kulipenda ziwa akiwa na chupa moja, akiwa na soda, au akiwa na mikono mitupu, na hakuna atakachopungukiwa.